Uchaguzi ushapita, mama bado analala na mkoba mlangoni: jibu kwa dada wa Micheweni

Waalaykum salaam dada yangu, shukran kwa kuandika na kwa kuniamini. Swali lako ni refu kwa hiyo ntalifupisha hapa ili na wengine wanaosoma wajue tunazungumzia nini. Unasema uko Micheweni, Pemba, unasomesha skuli ya msingi, nyumbani muko wewe, mume wako, watoto watatu na bi mkubwa, mama yako mzazi. Mama mwaka 2001 alikuwepo hapo hapo, aliyoyaona hajawahi kuyasema yote, na kaka yake alivuka kwa mashua kwenda Kenya. Tangu hapo kila ukikaribia uchaguzi anafunga mkoba, ndani kuna vyeti, hati ya kiwanja, vidonge vya presha na kanga mbili, anauweka nyuma ya mlango. Safari hii uchaguzi ushapita kitambo na mkoba bado uko pale, akisikia gari zito usiku anainuka anakaa kitandani mpaka alfajiri. Mume wako anakesha na simu kwenye magrupu. Mtoto wa miaka minane alokuwa keshaacha kukojoa kitandani ameanza tena. Wewe mwenyewe moyo unakwenda mbio darasani bila sababu, na shemeji yako, mke wa kaka, mlokuwa mkipikiana, hamsemeshani kwa ajili ya chama. Unauliza: tunaumwa au ni kawaida, na kama tunaumwa nianze na nani, manake nikionekana kitengo cha akili watasema nimechizika.

Nianze na hili la kuumwa. Hofu ya mama yako ina sababu na mimi sitokwambia haina. Tarehe 27 Januari 2001 watu walipigwa risasi Pemba, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni upande wa Kenya, mambo haya yameandikwa na kila mtu wa umri wake anayajua. Kisha 2015 matokeo yakafutwa tarehe 28 Oktoba, watu wakakaa miezi hawajui linalokuja mpaka uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016. Kisha 2020, kisha 2025. Katikati hapo 2010 tulipumua, kulikuwa na maridhiano na kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, na wenyewe mnakumbuka uchaguzi ule ulivyopita watu wamelala majumbani mwao. Kwa hiyo mwili wa mama umejifunza kalenda. Oktoba inakuja kila baada ya miaka mitano na mwili unajua kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Mimi hapa sizungumzii nani alimkosea nani, nazungumzia hicho ambacho mwili unafanya ukiambiwa mara nyingi kwamba hatari itarudi.

Na unafanya hivi: ubongo una sehemu ndogo kazi yake ni kunusa hatari kabla ya akili, ikishtuka inaamrisha tezi zilizo juu ya figo zitoe adrenalini, moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, tumbo linavurugika, usingizi unakimbia. Hatari ikipita kweli, mwili unashuka wenyewe. Lakini ikipita huku kila mtu anasema "ngoja tu mwaka fulani", mwili haushuki wote, unabaki katikati, na mtu anaishi hapo katikati miaka na miaka mpaka anadhani ndio tabia yake.

Mvuvi alopinduliwa na upepo akiwa dago, kambi ya uvuvi mbali na kwao, akirudi baharini atatizama mawingu kuliko wenzake maisha yake yote, na hakuna anaemwita mgonjwa. Tutasema anaumwa siku bahari imetulia, watoto hawana chakula, na yeye hawezi kutia chombo majini. Mimi naipima hivo hivo hofu ya watu wetu, siulizi kwanza unaogopa kiasi gani, nauliza hofu imekuzuia kufanya nini. Mama anapika? Anasali na wenzake? Anakwenda kwenye shughuli? Anacheka na wajukuu? Kama haya yapo na usiku tu ndio tabu, hiyo ni hofu yenye sababu ilozidi kipimo na inatengenezeka hapo nyumbani kwa sehemu kubwa. Kama ameacha kula, ameacha kutoka, anasema peke yake, au anasema bora Mungu amchukue, hapo hatuzungumzi tena mambo ya nyumbani, anakwenda spitali.

Kuna jambo moja nataka ulielewe vizuri manake ndilo linalowakosesha watu wengi, hata sisi wa kazi hii ya unasihi, ya ushauri nasaha. Elimu kubwa ya kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya jambo la kutisha, ilojengwa huko nje ilianza na watu ambao tukio lao limekwisha. Marekani walikiandika kiwewe kama ugonjwa rasmi mwaka 1980, na msukumo mkubwa ulitoka kwa askari walorudi kutoka Vietnam. Askari yule karudi kwao, vita iko mbali, kwa hiyo anaemtibu anaweza kumwambia kwa ukweli, sasa uko salama. Miaka hiyo hiyo ya themanini Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi, wataalamu walokuwa wakiwasaidia vijana wa vitongojini waliona maneno haya hayasemeki, kijana anamaliza kuzungumza nawe anatoka anarudi mtaa ule ule wenye askari wale wale. Wakaona hali yao inahitaji jina lake na kazi yake, manake haijawa "baada" ya kitu, inaendelea. Sisi Pemba hatuko kwenye vita, nisieleweke vibaya, lakini tuko karibu zaidi na yule kijana kuliko na yule askari. Ndio maana maneno ya "sahau mama, yashapita" hayamsaidii. Yeye anayasikia kama unamwambia hakuona alichokiona, na akishaona humuamini atanyamaza, na usiku ataendelea kukaa.

Basi mkoba usiutoe. Najua watoto wengine wanauficha kwa nia njema ili mama asahau, na matokeo yake mama anashtuka mara mbili. Mkoba ule unampa kitu cha kushika, kujitayarisha ni dawa nzuri tu ya hofu, shida ni pale matayarisho yanapokuwa hayana mwisho. Kwa hiyo upangieni mkoba saa yake. Siku moja katika wiki, mchana baada ya alasiri, kaa na mama, fungueni, angalieni vyeti vipo, vidonge havijapitwa na tarehe, funga tena. Kisha mwombe uhame kutoka mlangoni uwe juu ya kabati chumbani kwake. Usiharakishe, akikataa wiki ya kwanza mwache, wiki ya pili muombe tena. Baadae mkaguwe kila wiki mbili. Akianza kuuliza mkoba usiku mwambie tutauona Jumamosi, na kweli Jumamosi muuone, usimdanganye hata siku moja.

Na usiku nao upangieni mtu. Mama anakaa macho kwa sababu ndani ya nafsi yake hakuna mwengine anaesikiliza. Mume wako anakesha lakini anakesha na simu, hakeshi na mlango. Mwambieni baba watoto kila baada ya isha afunge milango na aseme kwa sauti mama asikie, "mama nshafunga, leo mimi ndo niko macho mpaka saa sita." Najua inaonekana kitu kidogo. Nimeona wazee wakipata usingizi wa mwanzo kwa maneno kama haya kabla hata ya dawa yoyote, kwa sababu hakuna alowaambia wasiogope, wameambiwa zamu si yao.

Simu ya mume wako nina maneno nayo. Baada ya bomu la mbio za Boston kule Marekani mwaka 2013, watafiti waliwauliza watu, wakakuta wale walotizama habari zake masaa 6 au zaidi kwa siku katika wiki ya kwanza walieleza msongo mkubwa kuliko hata walokuwepo pale pale mlipuko ulipotokea. Hebu lifikirie hili. Mtu yuko nyumbani kwake, hajaguswa, na mwili wake umepata kuliko wa alokuwepo, kwa kurudia rudia kutizama. Oktoba 2025 intaneti ilizimwa, iliporudi zikamwagika video na voisi noti zote pamoja, za kweli na za uongo, za jana na za miaka iliyopita, na ubongo hauna uwezo wa kujua hii ya zamani, unaona damu unaamrisha adrenalini. Simwambii asijue nchi inakwendaje, mtu mzima ana haki ya kujua. Namwambia aijue mara mbili kwa siku, mchana na baada ya magharibi, sehemu moja au mbili anazoziamini, na simu ilale ukumbini. Na mama na watoto wasisikilizishwe voisi noti za watu wasojulikana. Zile ni mbaya kuliko maandishi, ile sauti ya mtu anaehema ndiyo inayomwamsha mama saa nane usiku.

Hofu ikikosa pa kusemewa inatafuta njia nyengine, na sisi tunalijua hili kuliko wengi. Mwaka wa 1995, mwaka wa uchaguzi wa mwanzo tangu kurudi kwa vyama vingi, ndio mwaka ule ule watu walipokuwa wakilala nje makundi makundi kwa kumuogopa Popobawa, jini lilosemwa linavamia watu usiku, Pemba kisha na Unguja. Sina haja ya kubishana na mtu aliona nini. Ninachokitizama ni walichofanya: walitoka vyumbani, wakawasha moto, wakalala pamoja, majirani na watoto. Watu wenye hofu wanajua wenyewe kwamba dawa ya kwanza ni kuwa na mwenzio.

Sasa ndio naingia kwa shemeji yako, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe wa nyumba yenu, kuliko kwa mama, kuliko kwa mtoto. Mwaka 2000 watafiti walikusanya tafiti nyingi pamoja kuangalia kwa nini watu wawili wanapita jambo moja, mmoja anapona na mwengine anabaki na kiwewe. Miongoni mwa vitu vilotoka na uzito mkubwa ni kukosa watu wa kukushika baada ya tukio, na shida za maisha zinazokuja juu yake. Uzito wake ulikuwa mkubwa kuliko mambo mengi yanayohusu mtu alivyokuwa kabla. Sasa angalia sisi tunafanya nini. Wakati ule ule ambao kila mtu anahitaji kushikwa ndio wakati tunasusiana. Baada ya uchaguzi wa 2016 Pemba watu walifika kutonunua kwenye duka la mtu wa chama chengine, kutopanda gari lake, kutohudhuria maziko yake. Maziko! Pemba hii ambayo mtu akifa wanaume wanaacha jembe shambani. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nayaona matokeo yake kwa wagonjwa, mtu anakuja anasema kifua kinambana, ukizungumza nae nusu saa unakuta hajaongea na ndugu yake wa tumbo moja tangu uchaguzi, na hakuna kidonge cha hilo.

Kwa hiyo anza huko, na anza bila maneno. Usiende ukamwambia shemeji "tukae tuzungumze yalotokea", hapana, mtaanza na nani alisema nini kwenye grupu na mtamaliza vibaya kuliko mlivyoanza. Mpelekee sahani. Umepika mkate wa kumimina au visheti, mpe mtoto wako ampelekee mtoto wake, sahani inarudi, na sahani kwetu hairudi tupu. Akiumwa mtu kwake nenda, kaa dakika kumi, uliza hali, ondoka. Ikitokea msiba ingia jikoni ukate vitunguu na wenzio kama kawaida. Mkifika mahali mnaweza kukaa pamoja, wekeni mpaka: ndani ya nyumba hii habari ya chama haizungumzwi mbele ya bi mkubwa na watoto. Mtu asikubadilishe chama na wewe usimbadilishe. Hamulazimiki kukubaliana, mnalazimika kuzikana. Na asipoitikia mara ya kwanza usihesabu umeshindwa, yeye nae ana hofu zake ambazo wewe huzijui, na inawezekana anangoja mtu aanze.

Mama akitaka kusema, sikiliza. Asipotaka usimchokoe. Kuna watu wanaamini lazima mtu atoe yote moyoni ndio apone, wanamkalisha chini wanamuuliza mwanzo mpaka mwisho siku moja. Hilo lilijaribiwa sana duniani, kumhoji mtu kikao kimoja mara tu baada ya janga, na ilionekana haimkingi na kiwewe, wengine walizidi, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi. Badala yake linafundisha huduma ya kwanza ya kisaikolojia, mwongozo wake ulitoka 2011, na kazi yake ni tatu, kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Unaangalia mtu anahitaji nini sasa hivi, maji, dawa, mtu wake. Unasikiliza anachotaka yeye kusema, kwa kasi yake. Unamuunganisha na anaeweza kusaidia. Akisema "siku ile nlikimbilia mikokoni", wewe usiulize ulimuona nani kauliwa, uliza "ulikuwa na nani mama?" Mwache aende mwenyewe. Akinyamaza kaa nae, endelea kusuka ukili wako. Akilia asiambiwe nyamaza.

Mtoto. Usimpige na usimtangaze kwa wenzake, hili nakuomba sana. Kwanza mpeleke apimwe mkojo na sukari, manake si kila kikojozi ni hofu, maambukizi ya njia ya mkojo yapo na yanatibika. Ikiwa salama, basi ni mtoto anaerudi nyuma kidogo kwa sababu wakubwa wanaomzunguka wameshtuka. Watoto wa umri huu wanasikia kila kitu nyuma ya pazia na wasichokielewa wanajitungia, na wanachojitungia mara nyingi ni kibaya kuliko ukweli. Mwambie ukweli mfupi: "Watu wazima walikuwa wanagombana kwa ajili ya uchaguzi, bibi alikumbuka jambo la zamani akaogopa, sisi tupo na wewe, baba anafunga mlango." Basi. Chuoni aende, skuli aende, mpira acheze, alale saa ile ile kila siku, aende haja kabla ya kulala. Ratiba kwa mtoto ndiyo usalama wenyewe. Ikiwa kuna mtoto ambae ameona ukatili khasa au anafanyiwa, namba 116 ni ya simu ya watoto, haina malipo, inasaidia bara na Zanzibar.

Na wewe mwalimu. Moyo ukienda mbio darasani usitoke mbio, ukitoka mbio leo kesho utaogopa darasa lenyewe. Weka miguu yote miwili chini, sikilizia sakafu, vuta pumzi kwa puani taratibu ukihesabu mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, hiyo ndiyo inayouambia moyo ushuke. Fanya mara sita au saba, wape wanafunzi kazi ya kuandika, hakuna atakaejua. Na ifanye hata siku ukiwa huna wasiwasi, usingoje siku ya shida ndio ujifunze. Lakini pia kapime presha, damu na tezi ya shingoni, upungufu wa damu na tezi vyote vinakimbiza moyo, na mimi sipendi kumwambia mwanamke "ni mawazo tu" kabla hajapimwa.

Vidonge vya usingizi. Usimnunulie mama valiamu duka la dawa kwa sababu jirani kasema zinalaza. Zinalaza kweli, siku za mwanzo. Baadae hazilazi bila kuongeza, mzee anaanguka usiku akienda chooni, anasahau, na ukizikata ghafla hofu inarudi kubwa. Kama zinahitajika daktari ataandika, kwa siku chache na kwa sababu. Kahawa chungu ya barazani baada ya magharibi baba watoto aiache au aisogeze mchana, wengi wanalalamika hawalali na wakati huo wamekunywa vikombe vinne.

Kisomo endeleeni. Mama akisomewa akapata utulivu mimi nafurahi, dua na sala ya jamaa na kukaa na watu wake ni sehemu ya matibabu na sioni pa kugombana. Masharti yangu ni mawili tu, asipigwe wala kufungwa, na asiambiwe aache vidonge vya presha. Sheikh anaejua kazi yake atakwambia mwenyewe hili tulisome na hili mpeleke spitali.

Kuhusu kuonekana umechizika, naelewa, visiwa vyetu vidogo, ukiingia mlango fulani kabla hujatoka khabari iko sokoni. Watu wakisikia akili wanafikiria Kidongo Chekundu tu, ile spitali ya akili ya Unguja. Lakini watu walio katika hali yako wengi hawahitaji kulazwa popote. Shirika la Afya Duniani limetengeneza msaada wa vikao vitano, kimoja kwa wiki, unatolewa na mtu wa kawaida alofundishwa na kusimamiwa, na Nairobi ulijaribiwa kwa wanawake walopitia ukatili na ukawapunguzia dhiki. Ndani yake mnafanya pumzi, mnachagua tatizo moja linalotatulika mnalipangia, unarudia kufanya kazi ndogo ndogo ulizoziacha, unaimarisha watu wako. Zimbabwe nako daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 alianza na mabibi wa mtaani, wanakaa benchini nje ya kliniki wanasikiliza watu, utafiti wao ulochapishwa 2016 ulionesha dalili zilipungua kuliko kwa walopata huduma ya kawaida, na mtindo wa benchi lile umefika hata Unguja. Kwa hiyo ukija kwetu usitegemee koti jeupe na maswali ya kutisha. Ni mazungumzo. Na tunayoyazungumza hayatoki, wala chama chako hatukiulizi.

Na niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi kulisema. Unasihi hauchukui nafasi ya haki. Mtu ambae mtoto wake alikamatwa hakurudi salama, mtu alopoteza kazi kwa sababu ya kura yake, siwezi kumfundisha pumzi halafu nikamwambia umepona. Anayo haki ya kudai kinachomstahiki na kufika kwa wakili, na kazi yangu ni kumsaidia awe na usingizi na nguvu za kufanya hivo. Yeyote atakaekuita kwenye ushauri nasaha ili unyamaze, huyo hakutibu.

Sasa ulivyouliza uanze na nani. Anza na wewe, kwa sababu wote hao wa nyumbani wanakuegemea wewe, na wewe ndie unaelala saa tano ukiamka saa kumi. Moyo ukiendelea kwenda mbio zaidi ya wiki mbili, au ukaanza kuona kila kitu hakina ladha, huna hamu ya kazi wala ya watoto, nenda spitali ya wilaya. Siku ya kwenda usipite mapokezi ukasema "nataka kitengo cha akili", sema silali na moyo unanienda mbio, watakupima kwanza mwili kisha mwambie daktari faragha akuunganishe. Kama mama ataanza kusema habari za kufa, usingoje wiki mbili wala siku mbili, siku hiyo hiyo, na dawa zake zote za nyumbani zikae kwako.

Na mama kama hataki kusikia habari ya spitali, muombe akusindikize. Mwambie mama, mimi siko sawa, naogopa kwenda peke yangu. Wazee wetu wengi hawatokwenda kwa ajili yao wenyewe ila kwa ajili ya mtoto watavaa buibui mara moja. Akishakuwa pale amekaa pembeni yako, mnasihi atamuuliza na yeye, "na wewe mama, usingizi vipi?" Mchukue siku ya katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, foleni inakuwa fupi, na mjulishe mwalimu mkuu mapema kwamba unakwenda kupima presha.